Kisima cha Umma Chataka Walinzi

Mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari ya mkoani kwetu ametuandikia barua ambayo tumeona haifai kuishia katika safu ya maoni ya wasomaji. Anasema aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika insha juu ya Vita vya Maji Maji. Aliposahihisha madaftari, alikuta zaidi ya nusu ya darasa wametaja mwaka mmoja wa kuanza kwa vita hivyo, nao haukuwa 1905. Alipowauliza wameupata wapi, walimjibu kwa sauti moja: "Tumeuona kwenye simu, mwalimu." Anamaliza barua yake kwa swali ambalo anataka gazeti hili limjibu bila kumung'unya maneno: je, vitabu hivi vya mtandaoni, ambavyo kila mtu anaweza kuviandika na kuvifuta, viaminiwe au visiaminiwe?

Swali hilo ni la haki, wala si la mwalimu huyo peke yake. Wazazi ambao watoto wao hawafungui tena kitabu wanaliuliza. Linaulizwa vyuoni. Nasi katika chumba chetu cha habari twalazimika kujiuliza kila siku. Wahenga hawakutuachia jibu moja. Walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Tena wakasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye kutaka kuishutumu kazi ya wengi anayo methali yake, na mwenye kutaka kuisifu anayo yake. Kwa hiyo yafaa tuziweke methali kando kwa muda, tuyatazame mambo yenyewe yalivyotokea.

Kitabu kisicho na mlango

Kwanza kabisa, simu si chanzo cha habari, kama vile kabati la vitabu lisivyokuwa chanzo. Ndani ya simu mna maandishi ya wataalamu, na mna porojo za vijiweni, na vyote huonekana kwa herufi zile zile na juu ya kioo kile kile. Lakini kati ya vitabu vya rejea vilivyomo humo, kinachojulikana zaidi ni Wikipedia, ambayo kwa Kiswahili huitwa kamusi elezo huru. Hiyo ndiyo tutakayoizungumzia.

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameanza ensaiklopidia nyingine ya mtandaoni iliyoitwa Nupedia, ambamo kila makala ilitakiwa ipite mikononi mwa wataalamu hatua baada ya hatua kabla ya kutolewa. Kazi hiyo ilikwenda mwendo wa kobe. Ndipo wakaufungua mlango: yeyote aandike, na yeyote asahihishe. Leo Wikipedia ina matoleo ya lugha zaidi ya 300, na lile la Kiingereza peke yake lina makala zaidi ya milioni 6. Waandishi wake hufanya kazi kwa kujitolea.

Wasemaji wa Kiswahili hawakuwa wageni wa fikra hiyo. Katikati ya miaka ya 1990, kabla Wikipedia haijazaliwa, ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni uliowakaribisha wasemaji na wanafunzi wa lugha hii, popote walipo, wachangie maneno.

Ni kosa kudhani kwamba kitabu hiki hakina sheria. Kila badiliko huwekwa kumbukumbu, likionyesha siku, saa, na jina la akaunti iliyolifanya. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano. Wapo wasimamizi, ambao katika toleo la Kiswahili huitwa wakabidhi, wenye uwezo wa kufuta makala na kuwazuia waharibifu. Tena ipo kanuni kwamba kila jambo linaloweza kubishaniwa lionyeshwe chanzo chake. Zaidi ya hayo, Wikipedia yenyewe imeandika waziwazi katika kanuni zake kwamba haipaswi kuchukuliwa kuwa chanzo cha kutegemewa. Ni vitabu vichache sana vilivyopata kuwa na unyofu wa namna hiyo.

Uongo wa siku 132

Hata hivyo, sheria ni jambo moja, na utekelezaji wake ni jambo jingine. Mwezi Mei 2005 mtu mmoja asiyejitambulisha aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza habari za John Seigenthaler, mwandishi wa habari aliyeheshimika sana nchini Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy. Iliandikwa humo kwamba mzee huyo alipata kudhaniwa kuwa na mkono katika mauaji ya Rais John Kennedy na ya mdogo wake Robert. Ulikuwa uongo mtupu. Aliyeuandika alikuja kueleza baadaye kwamba alikuwa akimtania mfanyakazi mwenzake.

Utani huo ulikaa mbele ya macho ya dunia kwa siku 132. Seigenthaler alizihesabu mwenyewe, akayaeleza yaliyompata katika gazeti la USA Today mwezi Novemba mwaka huo huo. Mtu aliyelibeba jeneza la rafiki yake alijikuta akiitwa mshiriki katika kumwua. Baada ya aibu hiyo Wikipedia ya Kiingereza iliamua kwamba wasiojiandikisha wasiruhusiwe tena kuanzisha makala mpya.

Kisa cha Wachina kinatia hofu zaidi. Mwaka 2022 iligundulika kwamba mtu mmoja alikuwa ametunga katika Wikipedia ya Kichina makala zaidi ya 200 za historia ya Urusi ya kale, zenye vita ambavyo havikupiganwa na mgodi wa fedha ambao haukuwapo. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi bila kukamatwa. Makala zake zilikuwa ndefu, zimepangwa vizuri, tena zimejaa marejeo ya vitabu. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba orodha ya marejeo chini ya ukurasa ni ahadi tu. Haiwi ushahidi mpaka mtu ayafungue marejeo hayo na kuyasoma.

Haki ya upande wa pili

Tukiishia hapo tutakuwa tumehukumu kwa kumsikiliza mlalamikaji peke yake. Mwezi Desemba 2005, wakati sakata la Seigenthaler lingali moto, jarida la sayansi la Nature lilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Lilichukua makala za sayansi kutoka Wikipedia na kutoka Encyclopaedia Britannica, likawapa wataalamu wazipime bila kuwaambia ipi imetoka wapi. Mada 42 zilipimwa. Makosa mazito yaliyoonekana yalikuwa manane, manne kila upande. Kwa wastani, makala ya Wikipedia ilikuwa na makosa yapatayo manne, na ya Britannica yapatayo matatu.

Wenye Britannica walikasirika, na mwaka 2006 wakaupinga uchunguzi huo kwa maneno makali. Nature nao hawakurudi nyuma. Lakini hata tukiwapa Britannica haki yao yote, jambo moja linabaki. Kitabu kilichoanza kuchapishwa mjini Edinburgh mwaka 1768, na kuandikwa na mabingwa wanaolipwa, kilikutwa nacho kina makosa. Tofauti ni kwamba kosa lililopigwa chapa husubiri chapa nyingine, na Britannica ya karatasi ilikoma kuchapishwa mwaka 2012. Kosa la mtandaoni laweza kuondolewa jioni ile ile, iwapo atakuwapo wa kuliona.

Tunaomba msomaji ayashike maneno hayo ya mwisho, kwa maana humo ndimo lilimo jibu la mwalimu wetu: iwapo atakuwapo wa kuliona.

Aibu ya wenye magazeti

Kabla ya kuwanyooshea wanafunzi kidole, yatupasa sisi wa magazeti tujitazame. Mwezi Machi 2009 alifariki Maurice Jarre, Mfaransa aliyetunga muziki wa filamu mashuhuri kama vile Lawrence of Arabia na Doctor Zhivago. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Dublin, akitaka kujua waandishi wa habari hufanyaje kazi yao, alitunga maneno matamu juu ya maisha, muziki na kifo, akayaweka katika Wikipedia kana kwamba Jarre ndiye aliyeyasema. Wahariri wa kujitolea wa Wikipedia waliyaondoa kwa kuwa hayakuwa na chanzo. Lakini magazeti ya Uingereza, Australia na India yalikuwa yamekwisha kuyanukuu, na The Guardian lilikuwa mojawapo. Mwezi mzima ukapita bila mtu kugundua, mpaka mwanafunzi huyo alipojitokeza na kuyaambia magazeti yenyewe. Wale wa kujitolea walikuwa wamelinda lango, na wale wanaolipwa mshahara walilala.

Yapo na mabaya kuliko hayo. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Marekani, kwa mzaha, aliandika katika Wikipedia kwamba mnyama wa Amerika ya Kusini aitwaye koati hujulikana pia kwa jina la "muhanga wa Brazili". Hakuna aliyepata kumwita hivyo. Magazeti ya Uingereza yakalichukua jina hilo, na likaingia hata katika kitabu cha chuo kikuu. Kisha Wikipedia ikayataja maandishi ya magazeti kuwa ndiyo uthibitisho wa jina lile lile. Maji yalikuwa yamechotwa kisimani, yakamwagwa barabarani, yakarudi kisimani yakiitwa mvua. Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Sidhani kwamba walitazamia litakuja kwa njia hiyo.

Nasi hatujasalimika. Si muda mrefu uliopita mwandishi wetu mmoja kijana alileta taazia ya kiongozi wa zamani, ikiwa na tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na ile waliyoijua jamaa zake. Alipoulizwa kaitoa wapi, alitupa jibu lile lile la wanafunzi wa kidato: kaiona kwenye simu. Taazia ilisahihishwa kabla ya kwenda mtamboni. Lakini tulibaki tukijiuliza ni ngapi zilizopita bila swali. Gazeti likichapa kosa kama hilo, kesho mwingine atalitaja gazeti kuwa ni ushahidi, na tutakuwa tumelibatiza kosa likawa historia.

Macho ya wengi, au jicho la mmoja

Watetezi wa vitabu vya umma husema kwamba penye macho mengi kosa halijifichi. Twakubali, ila twauliza: je, macho hayo yapo kila mahali? Jina moja la Wikipedia hufunika vitabu vingi visivyolingana. Makala ya Kiingereza juu ya jambo mashuhuri husomwa na maelfu kwa siku moja. Makala ya lugha yenye waandishi wachache yaweza kukaa miaka bila kuguswa na mtu mwenye kuijua lugha hiyo.

Mwezi Agosti 2020 dunia iligundua kwamba makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya watu wa Uskoti, ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akiandika Kiingereza na kukipaka rangi ya Kiskoti kwa msaada wa kamusi. Kwa miaka mingi waliotaka kujua Kiskoti kikoje walionyeshwa maandishi hayo, nao wenye lugha walikuwa hawatazami.

Kule Kroatia hali ilikuwa ya namna nyingine. Kikundi kidogo cha wasimamizi wenye siasa kali za kizalendo kilikamata Wikipedia ya nchi hiyo kwa muda wa miaka ipatayo kumi, kikaipindisha historia ya Vita Kuu ya Pili. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia alilazimika kuwaonya wanafunzi wasiitumie, na mwaka 2021 taasisi inayosimamia Wikipedia ilitoa ripoti iliyothibitisha upotoshaji huo. Na mwaka 2025 ulipitishwa uamuzi wa kuifunga Wikipedia ya lugha ya Greenland, kwa kuwa ilikuwa imejazwa tafsiri mbovu za mashine kuliko maandishi ya watu.

Visa hivyo vitatu vina shina moja. Kitabu hakikuharibika kwa sababu mlango ulikuwa wazi kwa wote. Kiliharibika kwa sababu wenye nyumba hawakuwamo ndani.

Kiswahili je?

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala makumi kwa maelfu. Wapo watu wachache wanaoitunza kwa uvumilivu mkubwa, na tunawapa heshima yao. Lakini nyingi ya makala zake ni zile ziitwazo "mbegu", yaani sentensi mbili tatu zinazongoja mkulima. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili kwa zawadi. Makala ziliandikwa kwa mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Shamba la umma halilimwi kwa zawadi ya siku moja.

Hii ni lugha ambayo UNESCO ilitengea siku yake, tarehe 7 Julai, na ambayo shirika hilo linasema ina wasemaji zaidi ya milioni 200. Tunaitangaza majukwaani. Lakini mtoto anayetaka kusoma kwa Kiswahili juu ya mto upitao kijijini kwao mara nyingi hukuta mbegu, au tafsiri ya mashine isiyo na kichwa wala miguu, au hakuti kitu. Isitoshe, programu za siku hizi za akili mnemba hufundishwa kwa maandishi ya aina hiyo hiyo. Kosa lisiloondolewa leo halitamdanganya mwanafunzi mmoja tu. Litafundishwa kwa mashine, nayo itawajibu wanafunzi wote kwa uhakika wa mtu aliyekuwapo.

Kuna na ugumu mwingine usiotokana na uvivu wetu. Kanuni ya kutaka chanzo kilichochapishwa ni njema, lakini huwapendelea walioandikwa tangu zamani. Donna Strickland, mwanasayansi wa Kanada, hakuwa na makala katika Wikipedia mpaka siku alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwezi Oktoba 2018. Miezi michache kabla yake rasimu ya habari zake ilikataliwa kwa kukosa marejeo ya kutosha. Ikiwa hayo yalimpata profesa wa huko, mganga wa mitishamba wa kwetu au fundi wa majahazi atapita mlango gani? Elimu yake imo kifuani, na kifua hakina ukurasa wa kunukuliwa.

Na tusisahau kwamba pwani yetu imepata kuwa na maandishi ya mikono mingi. Habari za Pate, historia ya watawala wa kisiwa hicho, zimetufikia katika nakala kadhaa zisizokubaliana kwa kila jambo. Inasemekana kitabu cha asili kilipotea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890, na sehemu kubwa ya tulicho nacho ilitokana na masimulizi ya mzee mmoja, Bwana Kitini. Wanahistoria hawakuzitupa Habari hizo kwa kuwa zina tofauti. Waliziweka nakala kando kwa kando, wakauliza ipi imetoka kwa nani, wakazilinganisha na magofu na sarafu.

Jibu letu kwa mwalimu

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kitabu cha umma kiaminiwe kama shahidi, kisiaminiwe kama hakimu. Shahidi husikilizwa, kisha huulizwa maswali. Wanavyuoni wa Hadithi walikwisha kutufundisha kazi hiyo karne nyingi zilizopita: kabla ya kuyapokea maneno walitaka kwanza silsila ya wapokezi, nani kasikia kwa nani, na kila mmoja alikuwa mtu wa namna gani. Mwanafunzi wa leo anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kidole. Atazame chanzo kilichotajwa, akifungue, aone kama kweli kinasema kilichodaiwa. Aifungue historia ya ukurasa, aone umebadilishwa lini na mara ngapi. Asome majadiliano, kwa maana penye ubishi mwingi ndipo penye kuhitaji tahadhari. Mwisho alinganishe na kitabu kingine kisichonukuu kile cha kwanza.

Twamshauri mwalimu asiwapige marufuku wanafunzi wake, maana watasoma kwa siri. Badala yake awatume warudi kwenye ule mwaka wa Maji Maji, wautafute mahali ulipoandikwa vibaya, na kama ni ukurasa unaoruhusu kusahihishwa, wausahihishe wenyewe kwa kutaja kitabu cha historia walichonacho darasani. Somo hilo hawatalisahau.

Tunatoa mwito pia kwa wakubwa. Vyuo vikuu vyetu, pamoja na taasisi zetu za Kiswahili, vina wataalamu ambao saa moja ya kila mmoja wao kwa juma ingeotesha mbegu nyingi. Maktaba za mikoa zingeweza kuwakusanya vijana na wazee, wa kwanza wakiandika na wa pili wakisimulia. Penye wazee haliharibiki neno. Nasi wa magazeti ya mikoani tunao wajibu mzito kuliko tulivyodhani. Habari ya fundi wa majahazi tukiichapa leo kwa usahihi, kesho ndiyo itakuwa marejeo yatakayompitisha mlangoni. Tukiichapa ovyo, tutakuwa tumelitia kisima tope.

Kisima cha kijiji hakina kufuli, na hakuna anayesema kifukiwe kwa sababu hiyo. Wanakijiji huweka zamu ya kukisafisha, na anayekuta jani ndani huliopoa kabla ya kutumbukiza ndoo yake. Zamu yetu imefika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.